Hatua Moja Nyuma

Watu hudhani ukali wangu ni wa kuzaliwa. Si kweli. Nimeujenga kwa miaka kumi na minne nikiwa beki wa kati, na ninautunza kama wenzangu wanavyotunza magari yao. Hapa klabuni wananiita Kisiki. Jina hilo nalipenda, kwa sababu hakuna anayekiuliza kisiki kinaumwa wapi.

Kijana alipoletwa mwanzoni mwa msimu, kwa mkataba wa majaribio wa miezi sita, tulimbatiza Rula siku hiyo hiyo: mrefu, mwembamba, amenyooka hata akikaa. Kocha akamkabidhi kwangu. "Huyu utacheza naye katikati. Mnyooshe." Nikamtazama juu mpaka chini, nikasema, kocha, huyu amezidi kunyooka, labda nimkunje. Watu wakaangua kicheko. Yeye alitabasamu kwa adabu akaendelea kufunga kamba za viatu. Mazoezi ya siku ile alimnyang'anya mpira mshambuliaji wetu tegemeo mara tatu bila hata kumgusa. Mimi kitu hicho kilinichukua miaka minne kukijua. Nilimpenda papo hapo, na papo hapo nikamchukia kidogo.

Basi nikamtia kashkash. Wakati wa kukaba nilimpa mipira miwili ya tenisi aishike mikononi, asipate kiganja cha kuvutia jezi ya mtu. Kila baada ya mazoezi nilimkagua kaptula. Nikikuta udongo, mizunguko kumi, kwa sababu beki anayejitupa chini kuna mahali alichelewa kabla ya kujitupa. Akifanya vizuri nilikaa kimya. Akikosea nilimpa vidonge vyake mbele ya watu, mpaka golikipa akawa ananivuta pembeni. "Kisiki, punguza bwana. Mtoto wa watu huyo." Nikamwambia wewe linda goli lako.

Wiki ya pili, kwenye mechi ya mazoezi, goli liliingia na Rula akamnyooshea kidole beki wa kushoto. Alikuwa na haki, yule bwana alikuwa amelala usingizi mzito. Hata hivyo nilisimamisha mchezo. Nikamwambia kwamba kwenye safu yangu ya ulinzi goli likiingia limeingia kwetu wote wanne, na anayenyoosha kidole anawaonyesha wapinzani pa kupita. Nikamfanya afue vizibao vya mazoezi vya timu nzima kwa mkono kwa wiki moja, na mashine ya kufulia iko hapo hapo pembeni. Akafua, akaanika, hakunung'unika. Tangu siku hiyo kidole chake sikukiona tena.

Sasa nije kwenye Jumapili.

Sisi tunaishi kwa mtego wa kuotea. Kiungo wa wapinzani akivuta mguu nyuma ili apige pasi ndefu, mimi, nahodha, napiga kelele "Toka!" na mabeki wote wanne tunaruka hatua moja mbele kwa pamoja. Washambuliaji wao wanabaki nyuma yetu, kibendera cha mwamuzi wa pembeni kinapanda, kwishinei. Lakini lazima tutoke wanne. Akibaki mmoja tu, mtego wote umekufa, na yule mshambuliaji anajikuta peke yake na golikipa, tena kihalali.

Dakika ya themanini na nane, tuko sare, kiungo wao akavuta mguu. Nikapiga kelele. Wakatoka watatu. Mimi mwenye kelele nikabaki, kwa sababu goti langu la kulia liligoma. Halikuniuma hata. Niliuambia mguu uende, haukwenda.

Aliyefunga alikuwa mtu wa Rula. Yeyote aliyekuwa jukwaani aliona kitu kimoja tu: mshambuliaji yuko hapa, na yule kijana mrefu anamkimbia badala ya kumkaba. Wakamzomea mpaka filimbi ya mwisho. Kocha alirusha chupa ya maji. Rula aligeuka akanitazama, mara moja tu, kwa muda ambao mimi niliuona mrefu mno, kisha akainama akavuta soksi zake juu. Na mimi nilifanya nini? Nilimpigia makofi. "Kichwa juu, kijana!" Nilisema hivyo kwa sauti, watu wasikie.

Jumatatu ni siku ya mapumziko. Nilikaza bomba la jikoni ambalo halikuwa likivuja. Nikapanga viatu vya watoto, nikavipangua, nikavipanga tena. Nikawasha redio, mtangazaji akawa anasema beki chipukizi alisinzia, nikaizima. Mke wangu ni mwalimu, alikuwa mezani anasahihisha madaftari.

"Baba, umekaa na kusimama mara ngapi tangu asubuhi? Watoto wangu wa darasa la pili wana nafuu."

"Nanyoosha miguu."

"Goti?"

"Goti halina neno."

Akaweka kalamu chini. Yeye ndiye hugandisha barafu kwenye vikombe vya plastiki na kunikanda kila siku tangu msimu uanze, milango ikiwa imefungwa. Klabuni hakuna ajuaye, hata daktari wa timu. Daktari akijua, kocha anajua; kocha akijua, nimekwisha. Nina miaka thelathini na sita na sijui kufanya kitu kingine chochote duniani. Hilo ndilo la kweli, na mengine yote niliyokuwa nikijiambia yalikuwa mapambo.

"Yule kijana amenitia huruma," akasema. "Alivyozomewa vile. Umempigia simu?"

"Atazoea. Na mimi nilizomewa."

"Sikuuliza hilo."

Nikatoka nje kuangalia geti. Geti lilikuwa zima.

Jumanne kwenye mazoezi, kocha alimpa Rula kizibao cha wachezaji wa akiba. Akakivaa, akaenda upande wa pili wa uwanja, akakaba kama kawaida, kaptula safi. Nilimtafuta kwa macho, hakunikwepa wala hakunitafuta. Hilo lilinikera kuliko kama angenitukana. Nilikosea pasi nne za mita tano, nikamgombeza mwokota mipira bila sababu.

Baada ya mazoezi kocha aliniita kwenye kile chumba chake kidogo chenye ubao na sumaku za rangi. Hakunikaribisha kiti.

"Mkataba wa majaribio wa Rula unaisha mwezi huu. Ofisi wanataka jibu langu kesho, tukishamaliza kuangalia video. Mimi nilikuwa namtaka. Lakini beki anayekimbia mtu wake dakika ya themanini na nane ananinyima usingizi. Wewe ndiye uliyemlea. Abaki au aende?"

Hapo ndipo mlango wa kusema ukweli ulipofunguliwa mbele yangu, mpana kabisa. Sentensi moja tu ilitosha. Niliangalia zile sumaku ubaoni, nikaiona yangu, ya bluu, imechakaa rangi, iko katikati mahali pake pa siku zote.

"Bado mchanga," nikasema.

Kocha akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari aliyoitegemea. Nikatoka. Kwenye korido mtunza vifaa alikuwa anahesabu jezi, akanisalimu, sikumwitikia. Niliingia garini nikakaa bila kuwasha. Kumwacha mtu abebe kosa lako kwa kunyamaza ni jambo moja. Mimi sasa nilikuwa nimefungua kinywa nikamsukuma. Nilijichukia, tena bila kutia chumvi, nilijichukia kiasi cha kutamani kubadilishana mwili na mtu yeyote aliyekuwa anapita barabarani.

Jumatano saa nne asubuhi tulijazana kwenye chumba cha video. Ni chumba kisicho na dirisha, viti vya plastiki, projekta inayonguruma. Mimi hukaa mbele. Siku hiyo nilikaa nyuma, nikaona pabaya, nikahama katikati, nikarudi nyuma. Golikipa akaninong'oneza, "Una siafu?" Rula alikuwa karibu na mlango, na chini ya kiti chake kulikuwa na begi kubwa la nguo, si lile la mazoezi. Mtu alikuwa amekwisha kumnong'oneza kwamba anaondoka.

Kocha alionyesha goli. Picha ilichukuliwa kutoka juu ya jukwaa, ikifuata mpira. Pasi, Rula anaruka mbele, mshambuliaji anabaki peke yake, goli. Akaisimamisha pale Rula anapoondoka.

"Simama, kijana. Hapa ulikuwa unakwenda wapi?"

Rula akasimama. Kichwa chake kikaingia kwenye mwanga wa projekta, kivuli chake kikafunika nusu ya uwanja ukutani. Nilijua anakijua kilichotokea. Alikuwa upande wangu wa kulia, hatua tano. Neno moja lingemwokoa.

"Nilikosea, kocha. Nilitoka mapema mno."

Alidanganya. Alisimama mbele ya wanaume ishirini na mbili, begi lake chini ya kiti, akadanganya kwa ajili yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kutonyoosha kidole, tena kwa sabuni na maji baridi. Sijui kama nilipiga moyo konde au ni makalio tu yaliyokataa kiti. Nilijikuta nimesimama.

"Rudisha nyuma, kocha."

"Kisiki, kaa."

"Rudisha nyuma kidogo. Hapo. Simamisha." Nilipita katikati ya viti, nikagonga magoti ya watu, nikafika ukutani. "Hakutoka mapema wala hakuchelewa. Sauti ya kutoka niliitoa mimi. Tazama wa kushoto, ametoka. Wa kulia, ametoka. Rula, ametoka. Huyu hapa pembeni, nusu mtu, ambaye hakutoka, ni nani?"

Picha ilikuwa imenikata, mguu mmoja tu na mkono ulioinuliwa, lakini kitambaa cha unahodha kilionekana vizuri.

"Goti langu la kulia halifai tangu msimu uanze," nikasema. "Nimelificha. Goli ni langu. Na jana, kocha, nilikujibu uongo."

Projekta ikaendelea kunguruma. Winga wetu akakohoa, nadhani kwa kukosa kazi nyingine. Kocha akaizima mashine, akawasha taa.

"Wote nje. Wewe baki."

Tulipobaki wawili hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alisema tu niende kwa daktari mara moja, na Jumamosi Rula ataanza, na watampa mkataba kamili wa miaka miwili. Akaongeza kwamba kitambaa atampa golikipa. Nikasema sawa kila alipokoma, kama mtoto anayetumwa dukani. Alipomaliza alinifungulia mlango. "Hilo la goti naweza kulisamehe. Kila mtu ana goti." Hakuendelea, wala hakukuwa na haja.

Rula alikuwa koridoni, amesimama na begi lake begani. Nitasema ukweli: nilitegemea shukrani. Nilikuwa nimetoka kuzika kazi yangu mbele ya watu, nikaona walau mkono nitapewa. Nikatangulia kunyoosha wangu.

"Mdogo wangu, unabaki. Miaka miwili. Nenda kawapigie simu nyumbani."

Hakuushika mkono.

"Kocha alikuuliza nini jana?"

Ningeweza kumkwepa. Nikamwambia. Aliniuliza ubaki au uende, nikasema bado mchanga.

Akashusha begi sakafuni taratibu. Nilimwona anatafuta maneno, na sikuwahi kumwona akitafuta kitu akakikosa.

"Jumapili nilipogeuka kukutazama," akasema, "nilidhani umevunjika. Nilitaka nije nikushike, kaka. Ukaanza kunipigia makofi, nikasema basi, mzima."

Siku nne nilikuwa nimelibeba lile jicho lake nikidhani ni hukumu.

"Nisamehe," nikasema. Neno hilo sikuwahi kumwambia mchezaji yeyote.

"Goli nilikusamehe pale pale uwanjani. Lile halikunisumbua. Nilikaa hotelini nikawa nawaambia nyumbani, kaka mkubwa yupo, atanisemea." Akalisogeza begi kwa mguu. "Ulipoulizwa, ulinisemea vile."

Mtunza vifaa alitokea na rundo la vizibao, akatuona, akageuza.

"Nataka unifundishe," Rula akasema. "Ukali wako siuogopi, unanifaa. Nipigie kelele kutoka kwenye benchi, nikague kaptula, nifulishe nguo. Uwanjani nitakusikiliza mpaka siku ya mwisho. Ila usiniite mdogo wako tena."

Nilimwambia mazoezi ni saa kumi. Akasema anajua, akaokota begi lake, akaenda kubadilisha nguo.