Ametutoka

Siku jarida la jumuiya lilipoingia kwenye simu yake, Mzee Mkato alivaa miwani akaketi kitako, maana hilo lilikuwa toleo la kwanza kutoka bila mkono wake. Jumuiya hiyo huwaunganisha walimu wa historia, lugha na fasihi wa kanda nzima. Habari zao, nani kachapisha kitabu na nani kapanda cheo, alizihariri yeye hadi alipostaafu mwezi uliopita. Jina la Mkato walimpa kwa sababu hakuna alama ya mkato iliyopita mbele yake bila kupekuliwa mifuko.

Ukurasa wa mwisho aliiona picha yake. Chini yake mrithi wake, binti mchapakazi ila mwenye pupa, alikuwa ameandika: "Mzee wetu ametutoka. Tutamkumbuka daima."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Ametoka, ndiyo, kazini. Lakini binti wa watu alitaka kutia mapenzi kidogo, akapachika hiyo "tu", na silabi moja ikamzika mzee wa watu mzima mzima.

Alishika simu amsahihishe, kisha utundu ukamwingia. Acha kwanza. Watapiga kutoa pole, halafu marehemu apokee mwenyewe! Akatunga kabisa la kuwajibu: kwamba huku aliko mtandao unashika vizuri kuliko ofisini. Akaichaji simu ikajaa, akaenda nayo mpaka bafuni. Mkewe alishatangulia, na mwanawe aliye mbali hajawahi kulisoma jarida hilo, kwa hiyo wa kumlilia walikuwa hao hao wanajumuiya.

Mchana ukapita. Jioni simu ikalia mara moja, kampuni ikimkumbusha kwamba bando linakwisha. Kesho yake alijiambia watu wana shughuli. Keshokutwa akajiambia labda hawajalisoma, na hilo akaling'ang'ania. Mfa maji haachi kutapatapa. Kicheko kilikuwa kimekwisha zamani. Aliumia, akaona haya kwamba ameumia.

Ndipo mrithi wake akapiga. Mzee akainuka kuipokea. Binti akamwamkia, akaomba radhi kwa usumbufu, akasema amekwama: neno la siri la kompyuta ya jarida ni lipi?

Akamtajia. Kisha akauliza, kama mtu anayetania, iwapo wanachama wamelisoma toleo.

"Wamelisoma, mzee. Wengi wameniandikia kusifu picha za mkutano."

"Na ukurasa wangu?"

"Kuhusu huo kaniandikia mmoja tu. Anauliza chumba chako cha ofisi atapewa nani."

Mzee akaketi tena. Upande wa pili binti akaingiwa na wasiwasi, maana aliujua ukali wake.

"Kwani nimekosea mahali, mzee? Nirekebishe?"

"Hujakosea, mwanangu," alisema. "Acha hivyo hivyo."