Nyota Moja kwa Jina la Orville

Verna Pfeiffer alikisoma kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, kwa muda wa siku kumi na moja. Alikisomea jikoni, karibu na dirisha, akiwa na miwani yake na kikombe cha kahawa ambacho kila mara kilipoa kabla hajakimaliza. Siku ya kumi na moja, ambayo ilikuwa Ijumaa asubuhi ya mwezi wa Novemba, alikifunga akakiweka mezani kwa nguvu, mpaka paka akaruka kutoka kwenye kiti.

Kitabu hakikuwa chake. Kilikuwa cha mumewe Orville, na mwandishi wake alikuwa Rusk Delaney, yule bwana wa televisheni ambaye kila jioni huonekana amevaa tai nyekundu, akiwafokea wageni wake na kupiga meza kwa ngumi mpaka maji yanamwagika kwenye bilauri. Kitabu alikiita *Nitapiga Meza*. Orville alimwomba Verna akiagize siku ile ile kilipotangazwa. Kilipofika alikisimamisha juu ya kabati la sebuleni, jalada likiwatazama wanaoingia, kama watu wengine wanavyoweka picha ya harusi.

Verna hakuwa mtu wa siasa. Alipika miaka ishirini na sita kwenye jiko la hospitali, akapikia waliompigia kura huyu na waliompigia yule, na wote walilalamika kwamba supu haina chumvi. Kitabu hiki alikisoma kwa sababu moja tu. Alitaka kuliona kwa macho yake lile neno lililomfukuza binti yake nyumbani.

Alilikuta sura ya saba. Kupe. Delaney ameandika kwamba walimu wa shule za serikali ni kupe walionona kwa kodi ya wanaume wenye jasho.

Mwaka jana, siku ya Shukrani, ile sikukuu ya Novemba ambapo familia hula pamoja, bata mzinga akiwa mezani na wajukuu wawili wamekwisha funga vitambaa shingoni, binti yao Janine, ambaye ni mwalimu, alisema kwamba safari hii ana watoto thelathini na mmoja darasani. Hakusema zaidi ya hapo. Orville akatafuna, akameza, akasema, "Kupe hawachoki kulalamika." Tess, mjukuu wa miaka minane, akauliza, "Babu, mama ni kupe?" Hakuna aliyemjibu. Janine aliinuka akawavisha watoto makoti. Mkubwa, Colby, alikuwa bado ana kijiko mkononi, na mama yake alikitoa taratibu akakiweka mezani kwa adabu, kisha wakaondoka. Tangu siku hiyo hajakanyaga pale. Anampigia simu mama yake tu, saa ambazo anajua baba hayupo.

Basi Ijumaa hiyo Verna alifungua kompyuta, akaenda kwenye lile duka la mtandaoni walikonunulia kitabu, akashuka mpaka chini, kule wasomaji wanakotoa maoni yao. Maoni yalikuwa elfu nne na kitu. Akayasoma mengi, maana ni mtu wa subira.

*Nyota tano! Bado sijakisoma lakini najua ni kizuri.*

*Nyota moja. Siwezi kukigusa hata kwa koleo.*

*Nyota tano, Rusk wape dawa yao!!!*

*Nyota moja. Kimefika kona imekunjika.*

*Nyota tano. Nimemnunulia shemeji yangu ili akasirike.*

"Hawa watu hata hawajakisoma," Verna akamwambia paka. Hasira zikampanda, akaandika:

*Nyota moja, kwa sababu hamruhusu sifuri. Mimi nimekisoma chote. Mtu huyu anaandika kama anavyoongea, anapiga kelele ili usigundue kwamba hana la kukuambia. Anawaita walimu kupe. Neno hilo liliingia nyumbani kwangu likakaa mezani mbele ya wajukuu zangu. Binti yangu ni mwalimu. Huwanunulia watoto wa watu penseli na soksi. Alisikia neno hilo akaondoka, na ni mwaka sasa. Bwana Delaney, wewe umepata wasomaji. Mimi nimepoteza binti, na ninamtaka.*

Akabonyeza kitufe, akaenda kufua.

Jambo ambalo hakulifikiria ni jina. Akaunti ile Janine ndiye aliyewafungulia, miaka tisa iliyopita, na aliifungua kwa jina la baba yake kwa kuwa kadi ya benki iliyokuwa karibu ilikuwa ya baba. Wazee wengi wa mji ule wana akaunti moja ya watu wawili, kama wanavyotumia gari moja. Verna ndiye aliyeagiza kila kitu, soksi, chakula cha ndege, dawa ya mabomba, na vyote vilikuja vimeandikwa Orville. Alikwisha zoea. Sasa na maoni yale yakasimama hadharani, na juu yake: *Orville Pfeiffer, Tarlow, Ohio. Amethibitishwa kuwa mnunuzi.*

*

Jumamosi Orville hula kifungua kinywa na wenzake kwenye mgahawa wa barabara kuu, wanaume wanne waliofanya kazi pamoja kwenye kiwanda cha vioo mpaka kilipofungwa. Verna naye huenda kutengeneza nywele, kisha humpitia. Siku hiyo alipofungua mlango alisikia sauti ya Duane Stroud kabla ya kumwona. Duane alikuwa amesimama, simu kaisogeza mbali na macho, anasoma kama mchungaji.

"'Bwana Delaney, wewe umepata wasomaji! Mimi nimepoteza binti!'" Akajipangusa machozi ya uongo kwa kitambaa cha karatasi. "Lo, Orville! Kumbe moyo wako ni siagi!"

"Mpeni leso mzee wa watu," akasema mwingine.

"Mwaka mzima unatupigia meza hapa, kumbe ukifika nyumbani unamlilia Rusk!"

"Siyo mimi!" Orville uso ulikuwa umeiva. "Sijaandika kitu! Nimekwambia siyo mimi, Duane!"

"Kuna Orville Pfeiffer wangapi Tarlow? Mlikuwa wawili tu, na mwenzako kafa mwaka sabini na nne!"

Wakaangua kicheko. Orville akaanza kukohoa, kile kikohozi chake cha kiwandani ambacho kikianza hakiishi haraka. Peg, mhudumu, alikuja bila kuitwa, akamwekea maji ya vuguvugu mbele yake, akaichukua simu mkononi mwa Duane na kuilaza mezani kifudifudi. "Mayai yako yanapoa," akamwambia Duane, akaondoka. Na Duane mwenyewe, ambaye kila Jumanne humpeleka Orville kliniki ya mapafu na kumsubiri saa tatu nzima kwenye baridi, akaacha kucheka akaanza kumpigapiga mgongoni.

Verna aliyaona yote mawili, kicheko na huruma. Lakini alichokisikia zaidi ni lile *siyo mimi*, jinsi mumewe alivyolitupa kama mtu anayesingiziwa wizi.

"Ni mimi," akasema toka mlangoni.

Wanaume wanne wakageuka.

"Nimeandika mimi. Kama mna la kucheka, nichekeni mimi. Duane, ulipolazwa nani alikuletea supu?"

"Wewe, Verna," Duane akasema kwa sauti ndogo.

"Basi kula mayai yako. Orville, twende."

*

Ndani ya gari, walipopita kanisa, Orville alimgeukia mkewe.

"Umenivua nguo mbele ya watu," Orville akasema.

"Wewe ulimvua nguo mwanao mbele ya watoto wake."

"Ilikuwa utani!"

"Nani alicheka?"

Orville akatazama nje. "Tukifika unayafuta yale maoni."

"Sifuti."

"Verna, lile ni jina langu!"

"Jina nitabadilisha. Maneno sifuti hata moja."

Walipoingia sebuleni, Orville akaelekeza kidole kwenye kitabu pale kabatini. "Unamtukana mtu ambaye hata hujakaa ukamsikiliza! Yule ndiye peke yake anayetusemea watu kama sisi!"

"Nimekisoma."

"Umesoma sura moja."

"Nimesoma kurasa mia tatu na kumi na mbili, pamoja na pale anapomshukuru mbwa wake. Wewe umefika wapi?"

Verna akakichukua kitabu, akakifungua. Kadi ya miadi ya kliniki, ambayo Orville alikuwa ameitumia kama alama, ilikuwa ukurasa wa kumi na tisa. Verna alikuwa ameirudisha pale pale alipoikuta.

"Kumi na tisa," Verna akasema. Sasa alikuwa anapiga kelele, yeye ambaye majirani hawajui sauti yake. "Umemfukuza mwanangu kwa kitabu ambacho hujakisoma! Ungekuwa umekisoma ningesema haya, basi, mtu ana imani yake. Kumi na tisa, Orville! Ukurasa wa mia mbili na nne anawacheka wanaume wanaolipwa na serikali kwa ajili ya kikohozi. Soma! Ni wewe huyo!"

"Siyo sisi anaotusema."

"Anamsema nani?"

"Anawasema wale wanaodanganya."

"Na Janine ni yupi kati ya wanaodanganya?"

Orville akaketi. Akajaribu kusema, kikohozi kikamzuia. Verna alitaka sana asimletee maji. Alisimama pale amekunja mikono, akahesabu hadi ishirini, kisha akamletea maji, akayaweka mezani kwa kishindo.

Hapo simu ya nyumbani ikalia. Orville masikio yamechoka kwa mashine za kiwanda, hivyo simu yao hupokelewa kwa spika. Alibonyeza yeye, kwa kuwa alikuwa karibu.

"Haloo?"

"Baba." Ilikuwa Janine. Kwa mwaka mzima sauti hiyo haikuwahi kutamka neno hilo ndani ya nyumba hiyo. "Baba, usikate. Nimesoma ulichoandika. Mwalimu mwenzangu kanitumia. Nimekaa hapa kwenye gari nje ya duka, nalia kama mtoto. Sikujua kama… sikujua kama uliona zile penseli na soksi."

Orville akamtazama mkewe. Verna naye akamtazama. Kumbe njia ilikuwa imefunguka hivi hivi. Orville angesema *ndiyo* tu, Alhamisi ijayo, siku ya Shukrani, watoto wangekuwa pale, wanakimbizana kwenye ngazi. Yeye Verna angenyamaza. Angeweza kunyamaza. Lakini hasira haikumwacha, kwa sababu maneno yale aliyatoa tumboni mwake, na mtu huyu asubuhi hiyo hiyo ameyakana mbele ya mgahawa mzima.

"Baba, upo?"

"Nipo." Orville akapangusa mdomo. Akaitazama kadi ya kliniki iliyokuwa imedondoka sakafuni. "Janine, siyo mimi niliyeandika. Ni mama yako."

Upande wa pili lilisikika gari likipita.

"Kumbe," Janine akasema. Sauti ilikuwa imerudi kule kule kwenye baridi. "Basi nilipaswa kujua. Nipe mama."

Orville akamsogezea Verna simu. Verna hakuinyoosha mikono, aliikunja zaidi.

"Siishiki."

"Anakutaka wewe."

"Siishiki, nimesema! Mwaka mzima nimekuwa mkalimani wako. Baba anakusalimu, Janine. Baba hakumaanisha, Janine. Hujawahi kunituma hata siku moja, nilikuwa najitungia! Leo nimechoka. Ongea na mwanao, au kata simu mbele yangu nikuone unavyoikata."

Orville alibaki ameshika simu kwa mikono miwili. Vidole vyake vina makovu ya vioo.

"Janine," akasema. "Unajua yule Delaney…"

"Usimtaje huyo mtu!" wakasema mama na binti kwa pamoja, mmoja sebuleni na mwingine ndani ya gari lake.

Orville akaanza tena, polepole, kama anayepita kwenye barafu.

"Sawa. Simtaji. Mama yako kaandika kwamba neno lile liliingia nyumbani. Nimesomewa leo mgahawani, nikakasirika. Halafu njiani nimefikiri, hata mama yako kanionea huruma. Halikuingia lenyewe. Nililileta mimi. Hakuna aliyenishika mdomo. Nilikuona umechoka, ukasema watoto thelathini na mmoja, nikatafuta kitu cha kusema nikasema kile." Akapumua. "Na Tess aliniuliza swali sikumjibu. Hilo ndilo… Mwambie jibu ni hapana."

"Mwambie mwenyewe," Janine akasema. Alikuwa analia tena, lakini hakulia kwa ulaini. "Shukrani siji. Usifikiri nakuja. Bado nina hasira na wewe, Baba, tena sana."

"Ndiyo."

"Jumatano Tess anaimba shuleni. Saa nane mchana. Wazazi na mababu wanakaa nyuma. Ukija ukae, umwambie, uondoke. Ukianza habari za televisheni hata neno moja, nitakutoa mbele ya watu wote."

"Saa nane," Orville akasema.

Janine akakata. Orville alitafuta kalamu, akaandika *Jumatano saa nane* nyuma ya kadi ya kliniki, kwa herufi kubwa, akaitia mfukoni mwa shati.

"Umesikia?" akamuuliza mkewe.

"Nimesikia."

"Utabadilisha lile jina?"

"Leo hii hii. Nitafungua yangu." Verna alikwenda jikoni akafungulia bomba, akaanza kuosha viazi, na kila kiazi alikitupa kwenye sufuria kwa mlio. Hakuwa amepoa, na hakuona sababu ya kujipoza haraka. "Jumatano vaa lile shati la bluu," akasema bila kugeuka. "Na ile kofia yako yenye jina la Delaney ibaki humu ndani."

"Itabaki."

"Na hayo maji umalize kunywa."