Kuku Waliotaka Kukimbia kwa Niaba Yangu

Usiku wa kuamkia leo niliota kuku wetu wamekaa kikao jikoni, na ajenda ilikuwa mimi.

Nieleze kidogo kwanza, msije mkasema nimerukwa na akili. Naitwa Boay, fundi baiskeli hapa Mbulu, miaka arobaini na mmoja, kitambi cha wastani. Mwezi wa saba mwaka jana niliingia mbio za kilomita ishirini na moja. Kilomita ya kumi na sita macho yakaingia giza, miguu ikagoma, nikaanguka mbele ya nusu ya kwaya ya parokia. Mke wangu Veneranda akaazima toroli kwa jirani yetu Sulle, akanipakia, akanisukuma mpaka nyumbani. Mwaka huu nimejiandikisha tena, na zimebaki siku nane. Nikianguka mara ya pili, mtaa utaniita Toroli mpaka nizikwe. Watoto wameshaanza.

Veneranda alisikia kwamba wakimbiaji hula oti, zile punje bapa za kwenye pakiti, zinapikwa kama uji. Tangu mwezi uliopita anaamka saa kumi na moja alfajiri, na baridi yetu hii, kunipikia bakuli moja. Nami, jamani, nilikula siku tatu tu. Kwetu uji ni wa mzazi na wa mgonjwa. Jirani akichungulia akute dume zima limekumbatia bakuli la uji, si ataniuliza nimejifungua lini? Kwa hiyo Veneranda akitoka kwenda kukamua ng'ombe, mimi namwaga bakuli dirishani. Kuku wanamalizia.

Basi ndotoni naingia jikoni, nakuta kuku sita kwenye benchi. Wana mapaja. Sisemi mapaja ya mchuzi, nasema mapaja ya mazoezi.

"Karibu, shemeji," anasema yule mwekundu, anayetagia chini ya kabati. "Punguza sauti, oti zimelala."

"Shemeji tangu lini?"

"Mkeo ni dada yetu. Tunakula chungu kimoja."

Natazama mezani. Veneranda amebandika karatasi ya maelekezo ukutani, na mstari wa kwanza unasema oti zilale kwenye maji usiku kucha. Kweli zilikuwa zimelala bakulini, zimejifunika sahani. Moja ilikuwa inakoroma.

"Jambo lenyewe ni fupi," akasema mwekundu. "Mwezi mzima umetulisha chakula cha mkimbiaji. Tumekaa, tumekubaliana, tutakimbia sisi."

"Lakini namba ni yangu!"

"Namba ni yako. Nguvu ni za nani?"

Nikaligeukia jiko la mkaa labda litanitetea. Karatasi inasema moto uwe mdogo, na ulikuwa mdogo kweli, umevaa kaptula.

"Mimi usiniulize," ukasema moto. "Mambo ya wakubwa siyajui."

Kuku mmoja akaingia chumbani kwetu bila hodi, akatoka na namba yangu, mia nne na saba, ile niliyoitundika msumarini na pini zake nne. Wakambandika mwekundu kifuani, pini moja baada ya nyingine. Nikamwambia zitamchoma. Akasema ameshazoea maisha magumu, anaishi na mimi.

Nikapiga chafya. Kufumbua macho, jikoni hatupo tena. Tuko ndani ya sufuria.

Sufuria ina barabara, na barabara ni uji. Pembeni wamesimama wanakwaya, wanapiga makofi ya adabu. Juu yetu mwiko mrefu kupita nguzo ya umeme unazunguka upande mmoja, polepole. Karatasi inasema koroga bila kuacha. Mwiko ukizunguka, uji unakuwa laini na unaweza kukimbia. Ukitulia, uji unashika, miguu inazama mpaka magotini.

"Nani anakoroga huko juu?" nikauliza.

"Nani mwingine?" akajibu mwekundu, akanipita. Wenzake watano wakanipita pia. Wa mwisho aliniambia pole.

Nakimbia. Nahema. Kibao kinasema kilomita ya kumi na sita, na giza linaingia machoni palepale lilipoingia mwaka jana. Chini ya kibao, toroli la Sulle limeegeshwa, linanisubiri.

"Karibu, mzee," likasema. "Nafasi yako ipo. Hata alama ya makalio haijafutika."

"Sitaki kupanda."

"Hata mimi sitaki. Ulinipinda ekseli. Lakini mimi afadhali nina gurudumu, yule mama alikuwa na mikono tu. Kilomita tano, zote mlima. Viganja vilitoka malengelenge. Alikuambia?"

"Aliniambia ni jembe."

"Jembe gani mwezi wa saba?" likauliza toroli.

Mwezi wa saba hapa kwetu hakuna anayelima. Ardhi imekauka, majembe yamening'inizwa. Mwaka mzima sikuliwaza hilo. Niliona aibu, nikasimama katikati ya uji nikalia waziwazi, na kwaya ikaacha kupiga makofi ili isikie vizuri. Kule juu nikasikia mtu anahema. Mwiko ukaanza kupunguza mwendo.

"Anachoka," likasema toroli. "Mwezi mzima anakorogea dirisha."

Uji ukanifika magotini. Hapo mwekundu akarudi mbio, namba kifuani, kitu mdomoni.

"Fungua mdomo, shemeji."

"Mimi si kifaranga."

"Fungua, mwiko unasimama!"

Nikafungua. Akanilisha. Maziwa, ndizi mbivu iliyopondwa, karanga za kutwanga, chumvi ya ncha ya kidole. Ilikuwa tamu. Nilikasirika sana. Utamu wote ule, mwezi mzima, dirishani!

"Nirudishie namba yangu," nikamwambia.

"Asubuhi. Tukishaona."

"Mkishaona nini?"

"Bakuli," akasema, nami nikaamka.

Saa kumi na moja na nusu. Upande wa Veneranda kitandani ulikuwa umeshapoa. Namba ilikuwa msumarini, imening'inia upande. Nikahesabu pini: tatu. Nikapapasa sakafu, nikakung'uta shuka, nikatazama hata ndani ya viatu. Hakuna.

Jikoni Veneranda alikuwa amejifunga khanga kichwani, anakoroga.

"Mama Emiliana, hebu nione mikono."

"Ina nini mikono yangu?"

Nikaushika mmoja, nikaugeuza. Chini ya vidole kulikuwa na makovu mawili, yanang'aa.

"Hili ndilo jembe la mwezi wa saba," nikasema.

Akauchukua mkono wake, akaendelea kukoroga maana uji ulishaanza kushika.

"Nisamehe. Na oti zako zote nimewapa kuku."

"Najua."

"Unajua?"

"Baba Emiliana, mayai sita kila siku, na baridi hii! Ulifikiri nadhani wameokoka?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa naisubiri aibu ikupate mwenyewe. Imechelewa, lakini imefika." Akapakua. "Siku nane hazitakuotesha mabawa. Ila ukila na kulala mapema, kumi na sita unaweza kuipita. Au nikaongee na Sulle?"

"Usiongee na Sulle," nikasema, nikavuta kigoda.

Nilikula mpaka kijiko kikagonga chini, kisha nikaufuta ukingo kwa kidole. Veneranda alisimama pale pale na ndoo ya kukamulia, safari hii hakutoka. Nje ya dirisha kuku sita walikuwa wamejipanga kama kila siku. Yule mwekundu akaruka juu ya ubao wa dirisha, akainamisha shingo, akachungulia bakuli. Lilikuwa tupu.

Akatema kitu kwenye ubao, akashuka bila kuaga. Ilikuwa pini.