Ndoo Tatu za Kastadi

Sauti ya kuimba ilikuwa ya Clive, lakini tamaa ilikuwa ya mama yake, Mavis Entwistle wa Bolton. Clive mwenyewe alikuwa mwanagenzi wa fundi bomba, na ametulia na mabomba yake.

Kipindi cha televisheni cha Jumamosi jioni nchi nzima ilikitazama: kichekesho, wimbo, kichekesho, wimbo, hadi taarifa ya habari. Kijana akiimba pale, Jumatatu wasichana wanamgombania kituo cha basi. Mavis akatuma picha ya mwanawe studio kule Manchester, kisha akawasumbua kwa simu mpaka mtayarishaji akasalimu amri.

"Mwanao ana uso hasa, mama," akasema yule bwana.

"Na sauti, je?"

"Huo uso tutaufanyia kazi."

Mzazi mwenye akili zake angeuliza kazi gani. Mavis akajibu, "Mfanyieni lolote mtakalo, mradi aonekane."

"Na kazi yake je?" akauliza Wilf, mumewe.

"Kazi itamngoja."

"Tajiri wake hangoji mtu, Mavis."

Clive akaacha kazi, akavaa suti aliyoshonewa na mama yake, akaenda kurekodiwa. Alirudi nywele zimelowa chapachapa. Mvua, akasema. Bolton mvua haikosi, kwa hiyo hakuna aliyemhoji.

Jumamosi ikafika. Majirani wakaja na viti vyao, Mavis akawaandalia chai na mikate ya samaki wa kopo. Clive alikataa kushuka kutoka chumbani.

"Ana aibu ya mastaa," Mavis akawaambia.

Kikaanza kichekesho. Mwimbaji mmoja mwenye wigi kubwa na masharubu ya bandia amefumba macho, anaimba. Nyuma yake fundi bomba mlevi amepanda ngazi. Kila mwimbaji akifungua kinywa, fundi anammwagia ndoo ya kastadi baridi, ule uji mtamu wa maziwa. Ndoo ya kwanza, Mavis akacheka. Ya pili, akamwaga chai mapajani.

"Mwone bwege huyo," akasema huku akifuta machozi, "kastadi mpaka puani, bado anaimba. Hana mama wa kumkanya?"

Kicheko cha Mavis mtaa mzima unakijua. Kikianza, wote hufuata. Ndoo ya tatu ikaangusha wigi na masharubu. Alikuwa Clive, na suti ile ile.

Mavis akanyamaza. Wenzake hawakuweza kujizuia upesi hivyo.

Wilf akaizima televisheni. Clive alikuwa ametoka chumbani, amesimama kwenye ngazi za nyumba.

"Sikujua ni wewe, mwanangu," akasema Mavis.

"Najua. Nilikusikia kutoka chumbani."

"Hutarudi kule."

"Nitarudi wapi, mama? Kwenye mabomba? Nafasi yangu ameshapewa mtu. Wameniita tena wiki ijayo." Akatabasamu kidogo, kama mtu anayeumwa jino. "Wanasema nina uso hasa."

Mavis alitaka kumpigia simu yule bwana na kumtukana. Akainua simu, akakumbuka maneno yake mwenyewe, akairudisha.

Jumamosi iliyofuata hakualika mtu. Hata hivyo mlango uligongwa, na pale nje alisimama jirani yake Hilda, kiti mkononi, na wengine nyuma yake.

"Mama Clive," akasema Hilda, "leo watammwagia nini?"

Mavis akawapisha, akaenda kuchemsha chai.