Mafuta Juu ya Atlantiki

Siku ile Sajini Wendell Brandvold alikuwa akirudi kutoka safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu. Uani kwao Illinois mkewe, Charlene, alikuwa ameshawasha mkaa wa sherehe ya kumpokea, na nyama ya nguruwe imelala kwenye mchuzi. Wendell alikuwa mshika bomba katika ndege ya mafuta. Kazi yake ilikuwa kulala kifudifudi mkiani na kuelekeza bomba refu mpaka liingie kwenye mgongo wa ndege nyingine, zote mbili zikiwa hewani.

Ng'ambo ya bahari, ndege ya mizigo ilikuwa imeondoka Ujerumani na askari aliyejeruhiwa kichwani. Daktari aliyekuwa naye alikataza isipande juu, maana hewa nyepesi ingemdhuru ubongo. Ndege ikiruka chini hula mafuta sana, na hii isingefika Texas, kwenye hospitali iliyomngoja. Kutua njiani na kupaa tena, daktari hakutaka kusikia.

Katika chumba cha kamandi, Meja Loretta Hruska ndiye aliyezipanga ndege za zamu ile. Aliangalia ramani, akaiita ndege ya mafuta redioni.

"Mmebakiwa na mafuta?"

"Ya kutufikisha nyumbani, na ziada kidogo," akajibu rubani, Kapteni Ostrander.

"Nyumbani sahauni. Kuna ndege ya mizigo imebeba mgonjwa, haiwezi kupanda juu. Ipeni mafuta, nyinyi mtatua Newfoundland, Kanada."

Ostrander akamgeukia Wendell. "Mzee, sherehe yako imeota mbawa."

"Charlene ataniua," Wendell akasema, akaenda mkiani.

Huko chini walikoikuta ndege ya mizigo, mawingu yalikuwa yakizirusha ndege zote mbili. Bomba liliingia, likachomoka. Likaingia tena, likachomoka. Rubani wa ndege ya mizigo akaanza kurudi nyuma.

"Sogea, kaka, sing'ati," Wendell akamwambia redioni.

Akasogea. Safari hii lilishika, na mafuta yakapita yote.

Newfoundland ukungu ukawazuia. Wendell akampigia mkewe simu.

"Wageni wamekula, wameimba, wameondoka," Charlene akasema. "Nimekuwekea kipande. Huyo Ostrander mwambie hapati."

Kesho yake Hruska alipiga simu: askari amepasuliwa, mkono wa kushoto haumtii, ila anaongea.

"Anaongea nini?" Wendell akauliza.

"Anawatukana wauguzi."

Wendell akacheka, akaenda kutafuta kahawa.