Miji ya Wabwile

Kufikia mwanzo wa mwaka 1987 Bimla alikuwa amekwisha kupewa Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, na hakuna hata mmoja kati ya miji hiyo uliomtuliza moyo. Alichotaka ni Bungoma.

Miji aliipata kwa njia ya halali, yaani kwa vitendawili. Kila Jumamosi saa saba mumewe, Mohanlal, alifunga ubao mmoja wa mlango wa duka lao la vitambaa mjini Kitale, akaenda nyumbani kulala, maana vitendawili vilimchosha kuliko wateja. Bimla alibaki nyuma ya kaunta na birika la chai, na watu watatu wakaingilia ubao uliobaki wazi. Thuo alikuwa fundi wa magari, gereji yake ikiwa uani nyuma ya duka. Chepkorir alikuwa muuguzi wa zahanati huko Endebess, na Jumamosi ndiyo siku yake ya kushuka mjini. Wa tatu, Wabwile, alikuwa karani wa mizani kwenye bohari ya mahindi. Alikaa mtaa wa Kibomet, lakini kwao ni Kabuchai, Bungoma, na jambo hilo hakuacha mtu alisahau.

Mchezo ulianza na mvua ya mwaka 1985, walipokwama wote dukani alasiri moja na Wabwile akamtegea Thuo kitendawili cha yai. Bimla alisema kutoka nyuma ya kaunta kwamba kitendawili cha yai ni cha watoto wa darasa la pili. Wakamwambia atege chake.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Anajua kiuno cha kila mwanamke wa Kitale, na hakuna mume aliyewahi kumpiga."

Thuo alimtazama Wabwile.

"Unaniangalia nini? Si mimi, bana," akasema Wabwile. "Ni daktari."

"Daktari angepigwa," akasema Chepkorir. "Nawajua."

Waliposhindwa, Bimla alivuta futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake, akaiweka juu ya kaunta. Wabwile alicheka mpaka akashika nguzo.

Desturi inajulikana: aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega huupokea, akasimulia safari yake ya uongo huko, jinsi alivyochinjiwa ng'ombe na kutandikiwa zulia, ndipo akatoa jibu. Hao wanne waliongeza masharti yao. Vitendawili vya vitabu vya shule vilipigwa marufuku. Mtegaji alimtaja kwa jina yule anayemtegea, na huyo alikuwa na majibu matatu. Mshindwa alichagua mwenyewe mji wa kutoa, lakini uwe mji ambao amewahi kulala. Mtu hawezi kutoa asichokijua. Kitale, mji wa mchezo wenyewe, haukuhesabiwa. Na mji ukishatolewa, umetoka. Bimla alibandika ukutani ramani ya Kenya iliyokatwa kwenye kalenda, na kila mji uliotoka ulichomwa pini yenye kichwa cha rangi: zake nyekundu, za Thuo buluu, za Chepkorir nyeupe, za Wabwile kijani. Mbale, ambao Wabwile aliutoa mapema, uko Uganda, nje ya karatasi, kwa hiyo pini yake ilikaa peke yake kwenye chokaa ya ukuta.

Ni Jumamosi hiyohiyo ya futi ndipo Bimla aliposema, "Nipe Bungoma."

"Hapo umekosea, Mama," akasema Wabwile. "Bungoma ni kwetu. Mji wa nyumbani hautolewi hivihivi. Chukua Webuye." Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, "Na wewe utafanya nini na Bungoma? Watu wako ni wa Kitale hapa, ama India huko."

Bimla alichukua Webuye. Hakusema kwamba alizaliwa Bungoma mwaka 1936, katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, Om Prakash, na kwamba India alikuwa ameiona kwa majuma matatu tu, akaugua tumbo mawili kati ya hayo. Jambo la kweli halihitaji kupigiwa kelele. Alimimina chai, akaanza kuhesabu.

Hoja yake ilikuwa rahisi. Ikiwa mtu hutoa tu mji aliowahi kulala, basi miji yake ina idadi. Ikiisha yote, utabaki ule asiotaka kuutoa. Kilichobaki ni kujua idadi. Kwa miezi mitatu Bimla alimpa Wabwile chai na maswali.

"Bwana Wabwile, Kakamega kuna baridi usiku?"

"Sana! Nililala kwa shemeji yangu, nikaomba blanketi ya pili."

"Na Malaba, mbu ni wengi?"

"Usiniambie Malaba, Mama. Nilitoka na malaria."

Miji iliyombakia ilikuwa kumi na mmoja, Bungoma ukiwamo. Bimla alianza kumtegea Wabwile peke yake kila Jumamosi. Wabwile hakuwa mjinga. Kwa vitatu alivyotegewa alifumbua viwili, na hata hivyo pini nyekundu zilizidi. Eldoret ulitoka, Kakamega ukatoka. Siku Malaba ulipotoka, Thuo aliitazama ramani akapiga mluzi.

"Wabwile, ndugu yangu, huyu mama anakuchimba kama panya wa shamba. Umebakisha mingapi?"

Wabwile alihesabu kwa vidole, na uso ukambadilika. Lakini mwisho wa mwezi aliingia dukani kwa mabega ya mshindi, akaweka kipande cha karatasi juu ya kaunta. Ilikuwa risiti ya lojing ya Kapenguria.

"Nimelala," akasema.

Masharti hayakukataza. Mpwa wake, Wekoye, alikuwa dereva wa lori, na tangu siku hiyo, kila bohari ilipompa mapumziko, Wabwile alipanda mbele ya lori akaenda kulala mahali. Alilala Kapsabet. Alilala Maralal, ambako hakuwa na shughuli wala ndugu. Alilala Lodwar, akarudi amebabuka midomo kwa jua, akanywa vikombe vinne bila kuzungumza. Bimla alichoma pini na Wabwile akaleta risiti. Kwa mwaka mmoja na zaidi walikwenda sare, kama watu wawili, mmoja akijaza pipa na mwingine akitoboa. Chepkorir alisema hajawahi kuona mtu akizunguka nchi yake namna hiyo bila kugombea ubunge.

Mambo yaligeuka siku ya Alhamisi, Mei 1988. Mwanamke mwenye kitambaa cheupe cha kichwa aliingia dukani, akasubiri wateja watoke, kisha akapanga risiti nne za lojing juu ya kaunta, moja baada ya nyingine, kama karata.

"Mama, shikamoo. Mimi ni Nakhungu, mke wa Wabwile. Nafua nguo zake, na hizi nimezitoa mfukoni. Nikimuuliza alikuwa wapi, anasema yuko na mambo ya Mama wa duka. Mimi si mtu wa vita. Nataka tu kujua: huyo mwanamke anaitwa nani?"

"Hakuna mwanamke," akasema Bimla. "Kuna ramani."

Alimpeleka ukutani, akamweleza tangu mwanzo, kwa utaratibu, kidole kikifuata pini. Nakhungu alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Ati mzee mzima alienda mpaka Lodwar kulala, ndiyo aje apoteze hiyo Lodwar hapa?"

"Ndiyo."

"Kwa kitendawili gani?"

"'Mfupi kuliko mbuzi, hubeba lori.'"

Nakhungu alifikiri kidogo. "Si jeki hiyo?"

"Yeye alisema punda. Halafu akasema daraja. Halafu akasema barabara."

Nakhungu alikaa juu ya robota la khanga bila kuombwa, akacheka kwanza bila sauti, kisha kwa sauti iliyomtoa Thuo gerejini na spana mkononi. "Punda!" alirudia, akijifuta macho. "Punda abebe lori!" Alipopata pumzi alikusanya risiti zake, akasema kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kukata shauri, "Kuanzia leo Wabwile analala Kibomet."

Bimla aliona mara moja kwamba amri hiyo ilifunga kisima. Haikuwa kazi yake, na hakuona sababu ya kuipinga.

Pini ziliendelea. Narok ulikuwa umetoka tayari; ukafuata Busia, ukafuata Kimilili. Jumamosi ya pili ya Julai, Nakhungu alikuja mwenyewe na kuketi kwenye stuli ya fundi cherehani, kwa sababu, alisema, hataki kusimuliwa. Mvua ilikuwa imekatika mapema. Bimla aligundua kwamba mikono yake ilikuwa baridi, akaishika birika.

"Kitendawili! Kwa Bwana Wabwile."

"Tega," akasema Wabwile.

"Wawili hupanda pamoja, wawili hushuka pamoja. Mmoja huandikwa, mwingine hufutwa."

Chepkorir alifumba macho kuwaza. Thuo alijikuna kidevu kwa kidole chenye grisi. Wabwile aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi, akaomba chai.

"Mama huyu leo ameamka vibaya," akasema. "Wanapanda, wanashuka... Ni dereva na utingo! Dereva anaandikwa kazi, utingo anafukuzwa."

"Si hao. Na utingo hafutwi, hudandia lori lingine."

"Afadhali Wekoye na lori lake hawakusikii," akasema Thuo.

Kikombe kilikwisha. Wabwile alikigeuza, akatazama chini yake kana kwamba jibu limebandikwa huko. "Bwana harusi na bibi harusi. Wanapanda madhabahu, wanashuka. Jina la bwana linaandikwa, la bibi linafutwa."

"Jina langu lilifutwa lini?" akauliza Nakhungu kutoka kwenye stuli.

"Nilikuwa najaribu tu, mama watoto."

"Jaribu kwa adabu."

Bimla hakucheka. Alikuwa anatazama midomo ya Wabwile. Jibu lilikuwa karibu naye kuliko kola ya shati lake, na hilo ndilo lililomtia hofu: mtu anaweza kujikwaa juu ya kitu cha karibu wakati wowote. Wabwile alitazama mikono yake mwenyewe, mikono ya karani, akaanza kusugua vidole. Sekunde hizo zilikuwa ndefu.

"Mwalimu na mwanafunzi," akasema hatimaye. "Kwenye ubao."

"Matatu," akatamka Thuo.

"Nipe mji," akasema Bimla.

"Chukua Kibomet."

"Kibomet ni mtaa!" wakapiga kelele wote, Nakhungu kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Basi Endebess. Nililala Endebess wiki jana."

"Wiki jana ulikuja kwetu zahanati kutafuta dawa ya kikohozi," akasema Chepkorir, "na saa kumi na moja jioni nilikuona kwa macho yangu juu ya lori la maziwa ukirudi Kitale. Ulinipungia mkono, si unakumbuka?"

"Sista, wewe ungenyamaza tu."

"Nimekula kiapo cha uuguzi."

Wabwile alisimama mbele ya ramani. Huko magharibi, karibu na mpaka, kulikuwa na doa moja lisilo na pini. Alilitazama kwa muda, akashusha pumzi, akamgeukia Bimla, akavua kofia.

"Haya, Mama. Chukua Bungoma."

Sasa ilikuwa zamu ya safari. Kila mara Bimla alikuwa amechinjiwa ng'ombe na kupigiwa bendi ya polisi kama wengine. Safari hii aliweka birika chini.

"Nilikwenda Bungoma," akasema. "Nilishuka kwenye treni. Kutoka stesheni hadi duka la baba yangu ni hatua mia tatu na kumi za mtoto, nilizihesabu. Mbele tuliuza vitambaa vya marekani, chumvi na mafuta ya taa. Nyuma kulikuwa na chumba chenye dirisha moja. Humo nilizaliwa mwaka wa thelathini na sita, siku ya soko. Shangazi yangu Bhagwanti alinipokea, na jirani yetu Nasimiyu alichemsha maji na kumfukuza baba yangu mlangoni kwa ufagio. Jibu ni mahindi na gunia lake, juu ya mizani."

Kisha Wabwile akajipiga kofi la paji la uso lililosikika hadi gerejini.

"Gunia! Kilo moja ya gunia! Miaka ishirini natoa hiyo kilo! Kila siku nafuta uzito wake na mkono wangu huu!"

"Ndiyo maana hulioni," akasema Bimla.

Thuo alikuwa ameinama akicheka, na Chepkorir alipiga kaunta kwa viganja. Wabwile naye alicheka, akatikisa kichwa, halafu akamtazama Bimla kama mtu anayesoma mizani mara ya pili.

"Thelathini na sita," akasema. "Mama, mwaka huo mimi nilikuwa bado kuzaliwa."

"Najua. Wewe ni wa arobaini na tano."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekukuta Bungoma."

"Hivyo ndivyo hesabu inavyosema."

"Na ulinyamaza miaka mitatu?"

"Hukuuliza. Ulisema tu."

Wabwile alichukua mwenyewe pini nyekundu kwenye kisahani, akampa kwa mikono miwili. Bimla aliichoma kwenye doa hadi kichwa kikagusa karatasi.

"Sasa kuna shida," akasema Wabwile. "Mwezi wa nane naenda kwetu Kabuchai kuvuna. Lazima nipite Bungoma. Itabidi niombe ruhusa?"

Bimla alilifikiria jambo hilo kwa makini, maana swali lilikuwa la haki.

"Barabara ni ya serikali," akasema. "Pita. Lakini ukilala, utaniletea simsim."

"Atalala," akasema Nakhungu, "na mimi nitakuwa naye." Kisha akavuta stuli yake hadi kwenye kaunta, akapokea kikombe kutoka kwa Bimla, akakohoa kidogo.

"Kitendawili!" akasema. "Kwako wewe, Mama."

"Tega," akasema Bimla, na mikono yake ilikuwa imepata joto.