Besi ya Mzee Zablon

Mwaka 2004, mtu wa Karatu aliyetaka kurekodi muziki alipanda basi akaenda Arusha. Kwaya ya kijiji cha Kansay haikwenda Arusha. Ilikwenda kwa Hyasinta, mpiga video za harusi, ambaye mali yake yote ilikuwa kompyuta, kamera na chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Harusi ina picha na sauti," mwenyekiti wa kwaya, Mama Judith, alimwambia. "Sisi tunataka sauti tu. Si ni nusu ya kazi?"

Hyasinta akacheka, akakubali. Hakuwahi kurekodi hata wimbo mmoja, lakini hilo hakulisema. Nani angemwuliza?

Tabu ilianza siku ya kwanza. Programu yake ilikuwa ya kukata na kuunga video, na kila alipojaribu kutoa sauti peke yake, iligoma. Inataka picha. Basi akaitafutia picha: kipande cha harusi ya Gideon, pale bwana harusi anapokata keki. Akakiweka juu, na chini yake akapanga sauti, kila mwimbaji na mstari wake kwenye kioo, maana maiki ilikuwa moja. Wanakwaya wakawa wanaingia mmoja mmoja, wanavaa hedfoni, wanaimba habari za mbinguni huku Gideon anamlisha mkewe keki. Hakuna aliyelalamika isipokuwa Lusia wa soprano, aliyesema ile keki inamtia njaa.

Wa kwanza kurekodiwa alikuwa Mzee Zablon, mwimba besi wa siku nyingi na baba mzazi wa Hyasinta. Alirekodiwa kwanza kwa sababu alifika kwanza. Mzee huyu aliwahi kila mahali, isipokuwa ndani ya wimbo. Kila mwisho wa ubeti alilivuta neno la mwisho kama anayeita ng'ombe walio ng'ambo ya korongo, akavuta pumzi kwa raha zake, ndipo akarudi. Waliokuja baada yake wote waliimba wakiwa na sauti yake masikioni, ili wasipotee.

Mwenyewe hakungoja hata kujisikiliza. Alitoka mbio kwenda mnadani, na huko, kati ya mbuzi mmoja na mwingine, akamtangazia kila mtu kwamba Jumapili, siku ya uzinduzi wa wimbo, wataisikia sauti yake kwenye spika. Habari zikafika mpaka Mbulu.

Jumamosi Mama Judith alikuja kusikiliza kazi. Alisikiliza beti mbili, akavua hedfoni.

"Mzee anatuchelewesha. Mtoe."

"Nimtoe baba?"

"Mgeni rasmi anatoka Arusha, Hyasinta! Tutaweka wapi nyuso zetu? Mtoe kimya kimya. Sauti zote hizo, nani atajua?"

"Yeye atajua."

"Basi tutakwenda Arusha tukaanze upya."

Hyasinta aliumia. Kamera ile ilinunuliwa kwa dume la ng'ombe la mzee, na tangu siku hiyo mzee hakuwahi kulitaja tena, hata kwa utani. Leo yeye ndiye amfute? Lakini kazi ilikuwa ya kwaya, na uzinduzi ulikuwa kesho. Akabonyeza. Mstari wa baba yake ukabadilika rangi, ukawa wa kijivu, ukanyamaza.

Wakacheza wimbo upya. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, Mama Judith akaanza kutabasamu. Halafu ubeti ukaisha na kwaya nzima ikatoweka. Kimya. Mama Judith akadhani umeme umekatika, akatazama taa. Mara kwaya yote ikarudi kwa pamoja, kama vile hakuna kilichotokea. Mwisho wa ubeti wa pili, vilevile.

Hyasinta akajaribu kuyakata yale mapengo. Akaunga, akabana, na Lusia akabaki anaimba nusu ya haleluya. Akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

"Wana nini hawa?" Mama Judith aliuliza. "Mbona wanatuachia wimbo njiani?"

Walipokuwa wanausikiliza tena kwenye spika, Mzee Zablon akatokea mlangoni, ametoka tena mnadani, kofia kichwani na vumbi mpaka magotini. Hyasinta alitamani aizime ile kompyuta, lakini wimbo ulikuwa umeshaanza. Akainamisha kichwa akangoja aulizwe: sauti yangu iko wapi?

Mzee alisikiliza mpaka mwisho bila kusogea.

"Wimbo umependeza," alisema. "Ila hawa watu wote wanamsubiri nani?"

Mama Judith alimtazama mzee, akaitazama kompyuta, na uso wake ukaonyesha kwamba sasa ameelewa.

"Mrudishe," alisema kwa sauti ndogo.

Hyasinta akabonyeza, akaanza wimbo upya. Ubeti ulipoisha na wengine wakanyamaza, besi moja iliendelea, ikavuta, ikavuka korongo, ikapumua, na kwaya yote ikashuka pamoja nayo. Mguu wa Mama Judith ukaanza kupiga sakafu.

"Eeh! Ndiye huyo!" mzee alisema. "Mmemtoa wapi? Si mtu wa hapa kwetu huyu."

Hyasinta akamgeukia Mama Judith.

"Ni wewe, baba," Mama Judith alisema.

"Mimi?"

Mzee akavua kofia. Akausikiliza wimbo wote amesimama, kama mtu aliye kanisani, kofia kaishika kwa mikono miwili. Ulipokwisha alisogea karibu na kioo cha kompyuta.

"Rudia, mwanangu," alisema. "Sikujua kama wote hawa wananisubiri mimi."

Hyasinta akafuta macho, akarudia, na Gideon akaanza kukata keki upya.